Shajara ya mradi: kuchora abiria wa treni ya Pugu, Machi hadi Juni 2019

4 Machi: vifaa na nia

Nakaa Gongo la Mboto na nauza khanga na vitenge kwenye duka la jumla Mtaa wa Uhuru. Asubuhi napanda treni ya Pugu, hapa hapa Dar es Salaam, nashuka stesheni ya Kamata; jioni narudi nayo. Kwa saa yangu safari ni kama dakika 40, na siku ikiharibika inagonga saa nzima. Tangu nimalize shule sijachora kitu zaidi ya viua vya khanga nyuma ya risiti, pale mteja anapotaka kunieleza doti aliyoiona kwa jirani yake. Sasa nimeamua dakika hizo za treni ziwe za kuchora abiria wenzangu. Lengo ni kurasa 100 kabla ya mwisho wa Juni. Kila hatua ikikamilika nitaiandika hapa pamoja na gharama zake, ili mwenye treni yake au daladala yake aweze kufuata bila kujikwaa nilipojikwaa mimi.

Nilichonunua Kariakoo: daftari la jalada gumu Sh 3,500, kalamu mbili za Bic Sh 600, penseli moja ya 2B Sh 500, vibanio viwili vya karatasi Sh 300. Jumla Sh 4,900. Wembe ninao dukani. Nauli siihesabu, ningeilipa hata nisipochora.

8 Machi: mkono hautulii

Wiki ya kwanza imetoa kurasa tisa na hakuna hata moja yenye mstari ulionyooka. Reli hii ina upana wa mita 1 tu, ni ile ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar es Salaam mwaka 1905, na behewa juu yake linayumba kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa. Nilianza kwa kuweka daftari juu ya paja, kama tulivyokuwa tukiandika shuleni madawati yakiwa pungufu. Paja linapokea kila mtikisiko wa kiti na kuupeleka moja kwa moja kwenye karatasi. Siku ya pili nikaegemeza kiwiko kwenye ukuta wa behewa nikidhani ndio utanishika. Ikawa mbaya zaidi: ukuta unatetemeka kwa haraka, mistari ikatoka na meno kama msumeno.

Kilichosaidia ni kuacha kutafuta kitu kilichotulia, kwa sababu humu ndani hakipo. Nimelibana daftari kifuani, chini kidogo ya shingo, mkono wa kushoto umelishika kwa nyuma, na kiganja cha mkono wa kulia kimelala juu ya karatasi yenyewe. Hapo mwili, daftari na kalamu vinayumba pamoja, na mstari haujui kama tunayumba. Shingo inauma siku mbili tatu za mwanzo, halafu inazoea.

Jambo la pili nimelisikia kabla sijaliona. Magurudumu yanapopita kwenye maungio ya reli yanagonga kwa mpigo, na kati ya mpigo na mpigo kuna utulivu mfupi. Mistari mifupi naiweka humo. Tukikaribia stesheni, treni inapovuka njia za kupishana, nainua kalamu kabisa, maana pale behewa linarushwa kando bila taarifa. Treni ikisimama ndipo nafanya vitu vidogo: kope, kifungo, kucha. Kwa hiyo stesheni ambazo zamani nilikuwa nazihesabu kwa kuchoka, sasa nazisubiri.

Penseli nimeiacha nyumbani. Inachafua ukurasa wa jirani, na ukiwa na kifutio unapoteza kituo kizima ukifuta pua. Bic haifutiki, lakini ukiigusisha tu karatasi inatoa mstari mwembamba wa kijivu, na ukiikandamiza inakuwa nyeusi kabisa. Hiyo inatosha kwa vivuli vyote ninavyovihitaji. Tatizo lake ni vidonge vya wino vinavyojikusanya kwenye ncha. Nimefunga kitambaa chakavu kwenye kidole cha mkono wa kushoto na naipangusa kila baada ya mistari michache.

22 Machi: anashuka kabla sijafika shingoni

Wiki mbili nzima nimechora vichwa vinavyoelea. Nilikuwa naanza na jicho, kwa kuwa jicho ndilo linalovuta, kisha pua, kisha mdomo, na tukifika Buguruni mwenye uso anainuka na kuondoka na mwili wake. Au habanduki, lakini kichwa nimekifanya kikubwa hadi mabega hayana pa kukaa kwenye ukurasa.

Nimegeuza utaratibu. Cha kwanza ni mstari mmoja tu, kutoka utosini, kushuka mgongoni hadi mtu anapokalia. Mstari huo unasema karibu kila kitu: aliyelala, anayesubiri simu, aliyetoka zamu ya usiku, mwanafunzi aliyebeba begi ambalo hataki kulivua. Cha pili ni mzigo, kwa sababu kwenye treni hii mzigo ndio unaoamua mwili ukae vipi. Mama mwenye ndoo katikati ya miguu anakaa magoti wazi na mgongo mbele. Fundi mwenye msumeno uliofungwa gunia anakaa upande, mkono mmoja ukilinda meno yasimguse jirani. Cha tatu ni mikono. Uso unakuja mwisho, nafasi ikiruhusu. Akishuka kabla ya uso, ukurasa bado una mtu.

Pia nimegundua kwamba abiria hakai mikao mingi. Ana miwili, sana sana mitatu, na anaizunguka. Akijigeuza sikasiriki tena. Naanza mchoro mwingine pembeni, na akirudi mkao wa kwanza narudi nao. Kurasa zangu za karibuni zina mtu yule yule mara tatu, kila mara nusunusu, na ndizo zinazofanana naye zaidi.

Zimetimia kurasa 27.

3 Aprili: mama wa ndoo ya bluu

Hili naliandika polepole, na naomba anayetaka kunakili mradi huu alisome kabla ya yote niliyoyaandika juu.

Asubuhi hii tulikuwa tumeondoka Karakata. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, ndoo tupu ya bluu katikati ya miguu, khanga ya pili amekwisha kuikunja ngata na kuiweka mapajani. Hawa ni wale wanaowahi samaki soko la Feri, wanashuka Stesheni, mwisho wa safari, na jioni wanarudi ndoo zikiwa nzito. Mwanga wa dirishani ulikuwa unampiga shavuni. Alipiga mwayo mrefu, na mimi nikauchora mwayo, nikafurahi kweli kweli, kwa kuwa mdomo ulikuwa umenishinda mwezi mzima na huu ulitoka.

Mtoto wa shule aliyesimama kando yangu akasema kwa sauti, "Mama, huyu dada anakuchora."

Akafumbua macho. "Ananichora mimi?"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Lete nione."

Nikampa daftari. Aliliangalia tangu Vingunguti tukiwa tumesimama hadi treni ikaanza tena kutembea. Hakupiga kelele. Angepiga, ningepata la kujitetea. Alisema, "Binti, umenichukua nikiwa nimejiachia. Ungeniambia, ningekaa vizuri."

Sikuwa na jibu. Mwenye baibui aliyekaa jirani yake akauliza kama tunaandikwa majina, mwanaume mmoja mlangoni akauliza kama natumwa na gazeti, nikasema hapana, hapana, najifunza tu. Nikatoa wembe, nikaukata ukurasa vizuri karibu na mshono, nikampa kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Akaukunja mara nne, akaufunga kwenye pindo la khanga, pale pale anapofunga hela zake. Sijui aliufanyia nini baadaye. Tulifika Kamata bila mtu kunisemesha.

Jioni sikutoa daftari. Kosa langu lilikuwa moja, nalo halihusu ufundi: nilidhani kwa kuwa sote tumelipa nauli na tunaonana, basi kila ninachokiona ni changu kukibeba. Mtu ndani ya treni saa 12 asubuhi hajajitayarisha kuangaliwa. Yuko katikati ya nyumbani na kazini, na pale katikati ndipo anapojiachia kidogo.

Kuanzia sasa uso siuchori bila kumwambia mwenyewe kwanza. Mikono, migongo, mizigo, viatu, khanga na kofia naendelea nazo, maana hazimtaji mtu. Aliyelala simchori uso hata kidogo, wala mtoto asiye na mkubwa wa kumuuliza. Anayetaka kuona nampa daftari lote, si ukurasa wake tu. Anayetaka ukurasa wake anaondoka nao, bila mjadala, na hiyo naihesabu kuwa gharama ya kazi kama vile wino. Na simu haitoki mkobani. Kupiga picha kwa siri ili ukachore nyumbani ni kosa lile lile, tena kwa kujificha zaidi.

17 Aprili: kuchora kwa kukumbuka

Wiki moja sikuchora kitu. Halafu kwenye kitabu cha sanaa nikakutana na Henry Moore, mchonga sanamu wa Uingereza. Mwaka 1940 London ilipokuwa ikipigwa mabomu usiku, maelfu ya watu walikuwa wakishuka kulala kwenye majukwaa ya treni za chini ya ardhi, na yeye akawachora: safu za watu chini ya mablanketi, vinywa wazi, mikono juu ya vichwa. Lakini hakukaa mbele yao na karatasi. Aliona kwamba ni kuwaingilia watu faragha yao. Alikuwa akipita, akiandika maneno machache kwa siri, na kuchora nyumbani siku iliyofuata.

Nikajaribu. Namtazama mtu kama nitakavyomtazama yeyote aliye mbele yangu, kisha nafumba macho na kujiuliza nimebaki na nini. Saa 7 mchana, duka likipoa, nachora juu ya kaunta.

Kurasa sita za kwanza zote zilitoka mtu mmoja. Nilibadilisha nguo na mizigo, lakini mabega, shingo na mikono vilikuwa vya mama yangu mkubwa, ambaye ndiye niliyekaa naye miaka mingi na ndiye mwili wangu unaomjua. Kumbukumbu isipopewa kazi inachukua kilicho karibu.

Dawa yake ni maneno. Sasa pembeni mwa ukurasa, ndani ya treni, naandika vitu vitatu ambavyo kwa mtu mwingine havipo. Mfano wa jana: "kidole gumba kimefungwa kitambaa cheupe, kisigino cha kandambili kimelika upande wa nje, tiketi ameichomeka kwenye kofia juu ya sikio." Mchana nikiyasoma, mzee yule anarudi mzima. Ile tiketi ilikuwa imepinda kufuata duara la kofia ya viua, na kidole cha shahada kilikuwa kinapanda kila baada ya stesheni kuigusa, kuhakikisha ipo. Sikuyaandika hayo. Yalikuja yenyewe yakifuata kidole gumba.

Mambo ya kawaida usiyaandike. "Mzee, kanzu, amechoka" hayakurudishii mtu.

29 Aprili: khanga

Hapa nilitegemea nitapita bila shida. Miaka sita nakata na kukunja khanga. Ukinifumba macho nitakwambia kwa kugusa kama pamba ni nzito au nyepesi. Kumbe mkono unaoijua khanga mezani hauijui khanga mwilini.

Nilikuwa nachora maua yote. Mama amesimama akinipa mgongo, nami nashughulika na korosho na nukta na majani, na ikitoka, khanga inaonekana kama imebandikwa ukutani na kichwa kimewekwa juu. Kurasa tano zimeharibika hivyo. Mtikisiko haukuhusika wala haraka, maana zote nilizimalizia dukani kwa utulivu.

Siku ya sita nilichukua doti moja ya dukani, nikajifunga mwenyewe mbele ya kioo, nikatazama. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Macho ya mteja yanakwenda kwenye mji na jina. Lakini mwili unaonekana kwenye pindo. Pindo ni mistari miwili inayokwenda sambamba, na kila mahali mwili unapopinda, pindo linavunjika. Linatoka chini ya kwapa, linakatika kwenye kiwiko, linapotea chini ya mkono, linaibuka gotini likiwa limegeuka. Ukilifuata hilo tu, bila ua hata moja, nyonga ipo, goti lipo, hata uzito wa mtoto mgongoni upo kwa jinsi pindo linavyovutwa chini ya makalio yake na kupanda hadi kwenye fundo kifuani.

Kwa hiyo sasa: pindo kwanza, mistari miwili. Pale inapokunjika naacha pengo. Mji naujaza nukta chache upande wa kivuli, upande wa mwanga nauacha mtupu. Jina naandika herufi zinazoonekana peke yake, hata kama hazileti maana. Juzi nilipata "...IKI NI MAJ..." ikizama kwenye mkunjo, na kila aliyeuona ukurasa ule amelisoma lote bila kusaidiwa.

Doti nayo ina zawadi yake. Mama akijifunga kipande kimoja kiunoni na kingine kichwani, una pindo lile lile kwa pembe mbili, na la kichwani linakufundisha la kiunoni. Kitenge ni kigumu zaidi kwa sababu hakina pindo. Pale nategemea mishono na jasho. Baibui na dera bado sijaviweza na sitajidai hapa.

Kurasa 46, za kugawa zikiwemo. Kufikia leo nimegawa saba.

10 Mei: mvua, jeli na mshumaa

Masika yameniharibia kurasa saba kwa siku moja, na kosa ni langu. Nilikuwa nimenunua kalamu ya jeli Sh 1,500 kwa sababu inateleza vizuri na haitoi vidonge. Jumatano dirisha la behewa halikufunga, mvua ikaingia kwa ubavu, na jeli yote ikatembea. Mzee niliyemchora kwa ruhusa yake, kwa mkao aliouchagua mwenyewe, amekuwa doa la zambarau. Kurasa za Bic katika daftari lile lile hazikuguswa. Wino wake una mafuta, maji yanapita juu. Jeli nimempa mdogo wangu akaandikie shuleni.

Karatasi za daftari la dukani nazo zilivimba na kujikunja. Nimeamua kutengeneza langu. Marobota ya khanga yanakuja dukani na karatasi nene ya kaki ndani, ambayo huwa tunaitupa. Niliikata kwa wembe ukubwa wa nusu ya nusu ya A4. Mara ya kwanza nilizibandika mgongoni kwa gundi (Sh 1,000), na kwa joto la Mei na kubanwa kifuani, lilinifumukia siku ya nne nikiokota kurasa sakafuni kati ya miguu ya watu. Mara ya pili nilishona kwa sindano ya gunia na uzi wake, Sh 1,000 vyote viwili: matundu matano mgongoni, uzi uingie wa katikati, uende juu, urudi chini, uishie ulipoanzia. Halijalegea mpaka leo. Tena kaki ina faida ambayo sikuitafuta: rangi yake tayari iko katikati, si nyeupe, kwa hiyo kivuli kinahitaji mistari michache.

Mshumaa umetoka kwa Moore yule yule. Alikuwa akichora kwa nta, kisha anapaka rangi ya maji juu, na nta inaikataa rangi. Nilinunua mshumaa Sh 300 na chupa ya wino wa kuandikia Sh 2,500. Nikapitisha mshumaa penye mwanga, kisha nikapaka wino uliochanganywa na maji kwa pamba iliyofungwa kijitini. Mara mbili za kwanza mstari ulitoka mnene kama kidole. Inabidi uuchonge kwa wembe na ukandamize kwa nguvu. Usiuache mkobani mchana, unalegea na kupinda. Kipande kifupi ndani ya kasha la kibiriti kinatosha. Kazi hii ni ya nyumbani, usijaribu kupaka wino ndani ya treni.

Kwa sasa ni mwezi wa Ramadhani, na treni ya jioni imebadilika. Wengi tumefunga. Mikono inakaa juu ya mafurushi ya futari, magimbi yametokeza mikia yao, tambi, tende zilizofungwa kwenye karatasi, na watu wanaongea kidogo. Vichwa vyote vinaelekea upande mmoja, kule jua linakoshukia. Nimechora migongo 11 katika siku nne, na sijawahi kuchora vizuri hivi.

3 Juni: rambo zimeondoka

Tangu juzi, Juni 1, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima, na nimeliona hilo kwenye daftari kabla ya kulifikiria. Kurasa za Machi hadi Mei zimejaa rambo: zinaning'inia kama matone, zinachora umbo la kilichomo, nyanya ni nyanya na mkate ni mkate, na vishikio vimekuwa uzi mwembamba unaokata vidole. Nilikuwa nimejifunza kuchora uzito kwa kuchora vidole vile tu, ncha zikiwa zimevimba.

Asubuhi hii hapakuwa na hata moja behewani. Ipo mifuko mbadala, ambayo inasimama wima kama sanduku na kuficha kilichomo. Ipo bahasha za kaki. Na vimerudi vikapu vya ukindu, ambavyo nilidhani vimebaki kwa bibi zetu. Ukindu ulinishinda safari nzima: nilifuata kila mshipa wa msuko na kikapu kikawa kama ukuta wa matofali. Jioni nilijaribu tena, nikachora msuko pembezoni tu, pale kikapu kinapogeuka, safu tatu hivi, na katikati nikaacha wazi. Kikajaa chenyewe.

Mimi pia nilikuwa nalifunga daftari kwenye rambo kwa ajili ya mvua. Fundi wa jirani na duka amenishonea mfuko kwa kipande cha turubai lililofunikia robota, Sh 500. Ni mzito kidogo, lakini una mahali pa kalamu.

14 Juni: hesabu, na kisutu kilichokosewa

Kurasa 83. Saba zililiwa na mvua, 14 zimeondoka na wenyewe, 62 ninazo. Gharama: vifaa vya mwanzo 4,900, jeli 1,500, gundi 1,000, uzi na sindano 1,000, mshumaa 300, wino 2,500, mfuko 500, na Bic nyingine nne 1,200. Jumla Sh 12,900. Anayeanza leo aruke jeli na gundi, abaki na Sh 10,400. Na akiwa na karatasi ya kaki tangu mwanzo, daftari la dukani nalo halihitaji.

Mama wa ndoo ya bluu sijamwona tena kwenye behewa langu. Bado namtafuta kwa macho kila asubuhi.

Leo bibi mmoja aliyekaa jirani yangu aliomba daftari, akafungua ukurasa mmoja mmoja, akilamba kidole. Akasimama kwenye ukurasa wa bi harusi wa Jumamosi iliyopita, niliyemwona akisindikizwa na mashangazi zake na kumchora kwa mgongo nilipofika nyumbani.

"Huyu umemvisha kisutu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Kisutu gani hiki kina jina?"

Niliangalia. Chini ya mji, juu ya pindo, nilikuwa nimeweka herufi, kwa mazoea ya mwezi mzima. Visutu ninavyouza mimi mwenyewe, vyekundu, vyeusi na vyeupe, havina maandishi hata neno. Kumbukumbu ilikuwa imejaza, kama ilivyofanya Aprili na mabega ya mama mkubwa. Nikatoa wembe, na treni iliposimama Vingunguti nikaukwaruza wino kwa ncha, polepole, bila kukandamiza. Kaki nene inavumilia hilo. Imebaki alama hafifu tu, ambayo nimeigeuza mkunjo. Bibi alinishikia ukurasa kwenye kona usitikisike.

Nilipomaliza akauliza, "Na mimi je?"

Nikamwambia naweza kumchora mikono, au uso akiridhia.

"Uso," akasema. "Ila ngoja kwanza."

Akafungua ushungi wake, akaukunjua wote, akaufunga upya huku akijitazama kwenye kioo cha dirisha, akapangusa pembe za mdomo kwa kidole gumba, akaweka mikono juu ya mkoba na kugeukia nje, kwenye nguzo za zege za reli mpya. Nilianza na mgongo, kisha mkoba, kisha mikono, kama kawaida. Tulipofika Kamata nilikuwa nimeufikia mdomo. Watu wakashuka, yeye hakugeuka, nami sikuinuka. Nilimalizia Stesheni, behewa likiwa limebaki na sisi wawili, nikamkatia ukurasa, kisha nikarudi Kamata kwa miguu.